Kiti cha Msomaji

Ilikuwa saa kumi kasorobo, na ilikuwa imeshakuwa saa kumi kasorobo kwa muda mrefu mno.

Usicheke. Katika mji huu, ambao sina haja ya kuutaja jina kwa kuwa wenyeji wenyewe wameanza kulipoteza, saa haipigi kumi mpaka taarifa itoke. Ndivyo mji ulivyozoea, na mazoea yana tabu. Kila siku ya kazi mshale mrefu wa saa ya mnarani hufika robo ya mwisho ukasimama, na jua likasimama nalo juu ya mabati ya soko, na chungu kilichokuwa kinakaribia kuchemka kikangoja. Kwa kawaida kungoja huko ni kufupi, muda wa mtu kukohoa na kusafisha koo. Kisha sauti ya Siwema Lugendo hutoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo za mitaa yote, ikasema ilichoandikiwa kusema, na saa ikapiga, na dunia ikaendelea na shughuli zake. Lakini leo Siwema alikuwa ameketi mezani kwake na karatasi mkononi, na kijasho chembamba kinamtoka, na hakuna kilichosogea. Nzi aliyekuwa akitembea ukingoni mwa kikombe alikuwa amesimama na mguu mmoja juu.

Siwema alikuwa afisa uhusiano wa Ofisi ya Kauli. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika taarifa kwa umma na kuzisoma mwenyewe, kwa sauti iliyotulia hivi kwamba watoto wa mji walilala kwayo. Aliogopa vitu vichache: panya, radi, na kusahauliwa. Leo aliogopa karatasi, tena karatasi aliyoiandika mwenyewe asubuhi:

*Uongozi unapenda kuwatangazia wananchi wote kwamba maji ya bomba ni salama kwa matumizi yote. Changamoto ndogo ya kumbukumbu iliyojitokeza mtaa wa Bondeni inaendelea kushughulikiwa. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu.*

Mistari mitatu tu. Aliisoma tena. Uongozi unapenda. Nani anapenda? Mimi sipendi. Mkurugenzi hapendi. Aliyepiga chapa hapendi, aliyefunga zile spika nguzoni hajui hata kama kuna kitu cha kupendwa. Basi ni nani huyu anayependa kila siku saa kumi, kwa mdomo wangu? Yuko wapi akishamaliza kupenda? Anakula wapi? Mbona sijawahi kumwona kwenye ngazi? Aliinua macho kwa hofu ya kijinga, kama mtu aliyesikia mtu mwingine akipumua chumbani.

Hebu niseme habari ya maji, maana la kuvunda halina ubani. Siku tisa zilizopita, huko Bondeni, mtu mmoja fundi viatu aliamka, mkewe akamwita kwa jina lake, naye akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Mkewe akadhani ni mzaha. Kesho yake walikuwa saba. Kesho kutwa wakawa ishirini. Hawakuumwa kichwa wala hawakutapika. Walikula vizuri, walisalimia vizuri, ila ukiwaita majina yao waligeuka nyuma kwa adabu kumpisha mwenye jina apite. Na baada ya jina hufuata vingine: hufuata mtoto ni wa nani, nyumba ni ipi, huyu mwanamke anayelia kitandani analilia nini. Wapimaji walichukua maji ya bomba wakayapeleka wanakoyapeleka, wakarudi na jibu. Ni maji. Ukiyanywa, siku ya tatu jina linakutoka. Leo hii waliopotelewa na majina walikuwa watu mia nne na sita, wameketi kwenye mabenchi ya shule ya Bondeni, kila mmoja na kipande cha kadibodi kifuani, na juu ya kadibodi ndugu zao wamewaandikia walivyokuwa wakiitwa.

Yote hayo Siwema aliyajua. Aliyaona kwa macho yake. Kisha akarudi ofisini akayaita changamoto ndogo ya kumbukumbu.

Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu ndio uliomwinua kitini. Mwanzilishi wa Ofisi ya Kauli, ambaye picha yake imefifia ukutani hadi imebaki kanzu na masikio, aliacha sheria moja tu: neno lisitoke kabla mwandishi wake hajalikalia. Akajenga chumba kidogo mwisho wa ukumbi, akaweka kiti kimoja cha mbao, akakiita kiti cha msomaji. Mwandishi wa taarifa alitakiwa aingie na karatasi yake, akae, aisome mle ndani akiwa si yeye tena bali ni yule atakayeisikia. Akitoka, alitia sahihi kwenye Daftari la Kuketi, mbele ya neno moja: *Nimeketi*. Bila sahihi hiyo, chumba cha kipaza sauti hakifunguliwi. Wazee wa zamani walikuwa wakitoka mle wakilia, wengine wakitoka na kuchana karatasi. Ndivyo wanavyosema. Lakini kazi ziliongezeka, na watu ni watu. Siku hizi maafisa walitia sahihi zote tano Jumatatu asubuhi, wakinywa chai, ili wiki iwe nyepesi. Katika chumba cha kiti walihifadhi madeki ya kufutia sakafu, ndoo na feni iliyokufa. Siwema hakuwahi kukikalia hata siku moja. Sahihi alikuwa nazo zaidi ya elfu mbili.

Mwenye ufunguo wa chumba cha kipaza sauti, na mtunza daftari, alikuwa Bi Mashavu, mwanamke wa makamo mwenye miguu inayovimba, aliyeanza kazi pale akiwa mpika chai. Alikuwa amekaa mlangoni na daftari mapajani.

"Shikamoo, Bi Mashavu. Nifungulie."

"Marahaba, mwanangu. Sifungui."

"Sahihi yangu imo humo. Tazama."

"Nimeiona. Umeitia Jumatatu." Bi Mashavu alifunika ukurasa kwa kiganja. "Jumatatu hii karatasi ilikuwa haijaandikwa. Ulikalia nini?"

"Bi Mashavu, jamani, leo ndiyo siku ya kuanza mambo hayo?"

"Leo sitaki sahihi. Leo nataka mwili ukae pale." Alionyesha kwa kidevu mlango wa madeki. Midomo yake ilikuwa mikavu, na Siwema akaona kwamba mama huyu naye anaogopa, tena anaogopa kitu ambacho bado hajakisema.

Siwema hakuingia. Alirudi mezani kwa hatua za haraka akainua simu ya mezani akampigia mama yake, Bi Tunu, anayeishi Bondeni nyumba ya nne kutoka shuleni. Na hapa, msomaji, usijifanye wewe ungefanya vingine. Kila mtu katika ofisi ile alikuwa ameshapiga simu yake. Mhasibu aliwapigia shemeji zake. Dereva aliwapigia wake zake wote wawili. Walinong'ona na mkono mbele ya mdomo, usinywe, usimwambie mtu, wakakata. Ghalani mlikuwa na madumu mia nane ya bluu ya maji ya chemchemi ya juu, kwa ajili ya ofisi na watu wake. Siwema alikuwa wa mwisho kupiga kwa sababu alimjua mama yake.

"Bomba la huku limefunguliwa tena leo, nimechota ndoo mbili," Bi Tunu alisema mara tu aliposikia pumzi yake. "Nimezifunika. Tumekaa hapa barazani na majirani, kila mtu na kikombe chake, tunangoja useme. Mbona leo mnakawia? Hili jua litatuua."

"Mama, sikiliza. Usinywe."

"Nani amesema?"

"Mimi nasema."

"Umeshasema kwenye spika?"

"Bado."

"Basi sema, wote tusikie."

Siwema aliziba mdomo kwa kiganja. "Kwenye spika nitasema ni salama. Lakini wewe usinywe. Kuna gari litakuletea madumu. Usimwambie mtu."

Kwa mbali alisikia majirani wakicheka, mtoto akiomba maji na kuambiwa angoje Siwema aseme kwanza.

"Nilikuzaa na mdomo mmoja," Bi Tunu alisema mwishowe, taratibu, kama mtu anayeuliza bei. "Huo wa pili umeupata wapi?"

"Mama, tafadhali."

"Sikiliza na wewe. Hapa nyumbani, ukisema kwenye spika, mimi hutoka nje nikasimama. Majirani wanajua. Wakibisha huwaambia, huyo ni wangu, huyo hajui uongo. Sasa ukisema ni salama nami nikaacha kikombe changu kimejaa, watanielewaje? Watasema mtoto wa Tunu ni mwongo, na mama yake alijua." Alivuta pumzi. "Sitaki. Ukisema ni salama, nitakunywa. Nitakunywa wa kwanza, mbele yao wote, nikishushe kikombe wakione kitupu."

"Utanisahau!"

"Basi sema neno la kunywewa," mama yake akasema, na simu ikakatwa.

Siwema alibaki na mkono wa simu sikioni. Alijaribu kufikiri na hakuweza. Aliona tu mkono wa mama yake, ule wenye kovu la mafuta ya kukaangia, unainua kikombe cha bati chenye ua jekundu. Na ule mkono haukuwa umeinuka bado kwa sababu saa ilikuwa haijapiga. Kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye ulimi wake. Niendelee kunyamaza, aliwaza. Nisiseme kweli wala uongo, jua likae hapo hapo, mama akae na kikombe milele. Lakini yule mtoto ana kiu. Hata kunyamaza kuna mtu kunamuua. Kwani nani alinipa ulimi unaofungua na kufunga vinywa vya watu? Niliomba? Niliomba kazi. Nilitaka kiti chenye magurudumu na kadi yenye jina langu.

"Siwema."

Mkurugenzi, Bwana Nyangasa, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu na viatu visivyotoa sauti, na upole wake ndio uliowatisha watu. Hakuwahi kumkaripia mfanyakazi.

"Unanichelewesha," alisema. "Unachelewesha jua."

"Mkurugenzi, siwezi kuisoma hii."

"Unaweza. Umesoma ngumu zaidi." Alikaa pembeni ya meza. "Hebu nikwambie nami ninaloliogopa, usidhani ni wewe tu. Ukisema maji yana dhara, watu laki mbili watakimbilia chemchemi moja yenye njia moja ya kupandia. Unakumbuka lile daraja, watu walivyosukumana? Watoto watakanyagwa. Hofu inaua saa hiyo hiyo, maji yanachukua siku tatu. Sisi hatudanganyi, Siwema. Sisi tunaupanga ukweli foleni, ushuke mmoja mmoja. Wiki ijayo tutasema maji yanakaguliwa. Wiki itakayofuata tutasema yachemshwe. Mwezi ujao watakuwa wameshazoea, na hakuna aliyekanyagwa."

Na lililomwogofya Siwema ni kwamba maneno hayo hayakuwa ya kijinga. Aliutafuta uongo wake kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, akauhisi, asiupate.

"Na watakaokunywa hapo katikati?"

"Watakuwa hawakumbuki kwamba walidanganywa," Mkurugenzi alisema kwa upole. Kisha akatazama mlango wake mwenyewe upande wa pili wa ukumbi, wenye kibao cha shaba kilichoandikwa MKURUGENZI. "Siwema, nikuulize kitu. Jina langu la kwanza. Umewahi kulisikia?"

Siwema alicheka kidogo, akidhani ni mtihani. Kisha akaacha kucheka.

"Tangu asubuhi nalitafuta," alisema Mkurugenzi. "Mke wangu ameniita nikatazama dirishani. Nilidhani anamwita jirani."

Bi Mashavu alikuwa ameingia bila kubisha, daftari kifuani. Sasa alitoa kile alichokuwa amekificha. "Ni mimi," alisema, na sauti yake ikapasuka. "Jagi lile. Ni mimi nililijaza."

Ilikuwa hivi. Juzi palifanyika hafla uwanjani, ile hafla ambayo kila ofisi ya namna hii huifanya maji yakitiliwa shaka: mkubwa husimama mbele ya kamera akanywa glasi nzima, watu wakapiga makofi. Jagi la siku hiyo hutoka ghalani, kwenye madumu ya bluu. Hilo halisemwi, linajulikana tu. Siwema ndiye aliyepanga kila kitu, meza, kitambaa, maua, na akamwambia Bi Mashavu, mama, tujazie jagi. Hakusema lijazwe wapi. Hakuona haja. Na Bi Mashavu, ambaye nyumbani kwake ana kisima na habari za bomba huzisikia spikani tu, alikuwa amesikia siku ile ile sauti ya Siwema mwenyewe ikisema wananchi waendelee kutumia maji kama kawaida.

"Nikafungua bomba," Bi Mashavu alisema. "Si mlisema? Mlisema wenyewe kama kawaida. Mimi nilikuamini, mwanangu. Ghalani ni mbali na miguu yangu unaijua."

Mkurugenzi alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. Katika miaka yote, ndani ya jengo lile zima, alikuwa amepatikana mtu mmoja aliyeiamini taarifa yao, naye ndiye aliyewanywesha.

Aliwanywesha. Siwema alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Juzi mpiga picha alisema, na wewe dada, sogea, kunywa kidogo, itapendeza. Naye akasogea. Mafunda mawili, labda matatu. Yalikuwa ya baridi, matamu. Juzi. Jana. Leo.

Jina langu Siwema. Binti Tunu. Lugendo ni babu mzaa baba. Nilizaliwa, nilizaliwa siku ya mvua, mama anasema, ni siku gani? Siku gani ile? Nilikuwa naijua. Nina kovu gotini, nilianguka wapi? Siwema. Siwema. Siwema. Neno likitajwa mara nyingi hulegea, likawa mlio tu, ndivyo lilivyo kwa kila mtu, si maji haya, si maji. Siwema ni nani? Ni mimi. Mimi ni nani? Usiulize. Taja tu.

"Usiogope sana," Mkurugenzi alimwambia, na huruma yake ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. "Fikiri vizuri. Leo utaisoma, kesho hutajua aliyeisoma ni nani. Hutakuwa na usiku wa kujuta. Ni nani katika kazi yetu aliwahi kupewa rehema kama hii? Soma, mwanangu. Hakuna atakayebaki wa kulaumiwa."

Siwema akauona mlango huo wa kusahau jinsi ulivyo wazi, na jinsi ndani yake kulivyo laini. Angeweza. Nisikufiche, msomaji, alitaka. Alitaka kwa mwili wote, kama mtu aliyechoka anavyotaka kitanda. Kitu kimoja tu kilimzuia, nacho kilikuwa kidogo: kama hatakuwepo wa kulaumiwa, basi pia hatakuwepo wa kwenda Bondeni kumshika mama mkono na kumwambia yeye ni nani. Watakaa wawili hao benchi moja na vipande vya kadibodi, wakisalimiana kwa adabu.

"Bi Mashavu," alisema. "Nifungulie chumba cha madeki."

Mle ndani mlinuka sabuni na vumbi. Waliondoa ndoo, wakaitoa feni. Kiti kilikuwa cha kawaida kabisa, mguu mmoja mfupi, kimetota maji ya madeki upande wa kushoto. Siwema alikaa. Kiti kikayumba. Bi Mashavu akafunga mlango kwa nje, na giza likawa tele.

Mwanzoni hakuna kilichotokea, naye akaona haya. Kisha aliangalia mikono yake gizani akaona kovu la mafuta.

Alikuwa barazani. Jua lilikuwa juu ya mabati, limekwama. Mapajani alikuwa na kikombe cha bati chenye ua jekundu, na kilikuwa kizito, na magoti yalimuuma kwa uzee ambao haukuwa wake. Kushoto kwake mtoto alikuwa akilamba midomo. Kulia kwake watu, wengi, na kadiri alivyotazama walizidi: fundi viatu na mkewe, na nyuma yao watu wa taarifa za zamani aliokuwa amewasahau, yule mzee wa *daraja liko imara*, wale wachuuzi wa *moto umedhibitiwa*, yule binti wa *hakuna upungufu wa dawa*. Miaka kumi na mmoja yote ilikuwa imekaa barazani mwa mama yake. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Hawakumjua. Walikuwa wametega masikio tu kuelekea nguzo yenye kipaza sauti, wote kwa pamoja, kwa namna ambayo Siwema hakuwahi kuwaza kwamba watu humsikiliza. Akasikia koo likisafishwa juu ya nguzo. Akaijua ile sauti. Ilikuwa imetulia, nzuri, ya kubembelezea watoto. *Uongozi unapenda kuwatangazia.* Akasubiri hasira imjie. Haikuja. Kilichomjia ni furaha: mwanangu huyo. Na mkono wenye kovu ukaanza kuinuka.

Alijaribu kuuzuia. Haukuwa wake. Alijaribu kupiga kelele na mdomo haukuwa wake pia. Kikombe kilipanda, ukingo wa bati ukagusa mdomo wa chini, wa baridi, na hofu aliyoipata hapo haikuwa ya maji. Hawa watu hawaogopi kuambiwa, aliwaza kwa kasi, na mawazo yake yakimponyoka. Tumewakadiria vibaya. Hawaogopi habari mbaya, wameshazika, wameshafiwa, wameshalala njaa. Wanaogopa kuachwa peke yao na kikombe. Mwiba aliokuwa akiutafuta kwenye maneno ya Mkurugenzi ulikuwa hapo: watu hukanyagana pale wasipoambiwa waende wapi.

"Nitoe!" alipiga kelele, na safari hii ilikuwa kwa mdomo wake.

Bi Mashavu alifungua mlango. Siwema alitoka akiwa amelowa jasho, akashika ukuta. Mkurugenzi alikuwa bado amesimama ukumbini, akitazama kibao cha mlango wake kwa umakini wa mgeni.

"Ghala lina madumu mangapi?" Siwema aliuliza.

"Mia nane," alijibu Bi Mashavu. "Mia nane kasoro lile tunalopikia chai."

"Funguo za ghala?"

Bi Mashavu alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi aliingiza mkono mfukoni, akatoa shada la funguo, akazitazama kama vitu alivyookota njiani. "Hizi ni za nani?" aliuliza. Bi Mashavu akazipokea kwa mikono miwili, kwa heshima.

Chumba cha kipaza sauti kilifunguliwa. Siwema hakuichukua ile karatasi. Aliogopa akiiona atasoma, mazoea yana tabu, nilishasema. Swichi ilimponyoka mara mbili. Aliposafisha koo, mji mzima ukasikia, na ukasikia pia kwamba koo lile limekauka.

"Hapa hakuna uongozi," alisema. "Ni mimi. Siwema binti Tunu, wa Bondeni. Msinywe maji ya bomba. Mwageni. Yanachukua majina, nasi tulijua tangu siku ya nne tukawaficha. Mimi niliandika. Mimi nilisoma. Msikimbilie chemchemi, njia ni moja, mtaumizana. Kaeni mlangoni kwenu. Hapa ofisini kuna madumu mia nane, tulijiwekea sisi. Yanakuja kwa magari, kwa mtaa, Bondeni kwanza, watoto na wazee kwanza. Wenye visima, wafungulieni majirani. Kesho saa kumi mtaambiwa tena, na kama si kwa sauti hii ni kwa ya Bi Mashavu. Juzi niliyanywa mwenyewe. Naogopa sana. Lakini sijawaacha. Mama, shusha kikombe."

Akazima.

Saa ya mnarani ilipiga mara kumi. Jua likasogea kidogo, upana wa kidole, na kivuli cha dirisha kikaanza kutambaa sakafuni. Nzi akashusha mguu. Nje, kutoka mitaa ya karibu kisha ya mbali, ulisikika mlio ambao mji ule haukuwahi kuusikia wakati wa jua kali: maji yakimwagwa, ndoo kwa ndoo, kwenye mitaro na vizingitini, kwa muda mrefu. Hawakukimbia. Mtu mmoja alitukana kwa nguvu sana, tena akamtukana Siwema kwa jina, matusi ya nguoni. Kisha naye akasikika akimwaga.

Bi Mashavu aliondoka na funguo kuamsha madereva. Kwenye meza ya afisa uhusiano simu ikaanza kuita. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Mwanamke aliyekuwa peke yake mle ndani aliitazama kwa muda, akaona si vizuri kuiacha ilie, akaiinua.

"Siwema!" sauti ya mwanamke mzee, inalia na kucheka. "Siwema mwanangu, nimemwaga! Baraza zima limemwaga, hapa ni tope tupu. Umenisikia? Siwema?"

Mwanamke aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu, kiti tu kilichoanguka chali. Alisogea pembeni kidogo, kwa adabu, kama mwenye jina angetaka kupita.

"Samahani, mama," alisema kwenye simu. "Unamtafuta nani?"

Kwa upande wa pili alisikia mtu akivuta pumzi, na maji yakitiririka, na watoto wakipiga kelele topeni.

"Usikate," yule mzee akasema hatimaye. Sauti ilitetemeka, kisha ikakataa kutetemeka. "Usikate hiyo simu, mama yangu. Vuta kiti ukae. Mimi sina haraka, nina maneno mengi, na yote ya kweli. Ulizaliwa Jumatano, mvua inanyesha. Umeketi?"

Mwanamke aliinua kile kiti, akakifuta kwa kiganja. Hakujua kwa nini machozi yanamtoka.

"Nimeketi," alisema.